Kiwanda ni Kipi, na Kikae Wapi?



Juma lililopita, baada ya swala ya Alasiri, tulikaribishwa nyumbani kwa mama mmoja wa Pasua, mjini Moshi. Ukumbi wake una vyerehani vinne. Kimoja anakitumia mwenyewe, viwili ni vya binti zake, na cha nne kinatumiwa na jirani yake mjane. Wanashona sare za shule, kanzu na mabuibui, na mwezi wa Desemba taa ya ukumbi ule haizimwi kabla ya saa sita za usiku. Kando ya mlango tulikiona cherehani cha tano, kingali ndani ya boksi lake. Mpwa wake, kijana aliyehitimu ushonaji VETA, yuko tayari kuanza kazi hata kesho.

Kinachomzuia mama huyu ni maneno mawili aliyoambiwa. Afisa mmoja alipita mtaani akamwambia kuwa hapo ni makazi ya watu, si eneo la viwanda. Kisha mtu mwingine, wa mtaa huo huo, akamtisha kwamba akifikisha mtu wa tano atahesabiwa kuwa mwenye kiwanda, na kodi zote za viwanda zitamwangukia. "Ndugu zangu, ninyi ni watu wa kalamu," akatuambia. "Nielezeni. Mimi nina kiwanda, au nina vyerehani tu?"

Siku ile hatukuwa na jibu la kumpa. Tumeona tulijibu leo, kwa kuwa familia nyingi za Moshi na za milimani zinaishi na swali hilo hilo bila kuliuliza.

Wasomaji watakumbuka kuwa katika miaka iliyofuata 2015, wimbo wa Tanzania ya viwanda ulipokuwa umepamba moto, watu walicheka sana waliposikia kuwa vyerehani vinne navyo vinahesabiwa kiwanda. Sisi pia tulicheka. Lakini kicheko kile kilitoka kwa watu ambao hawakuwa wameisoma Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003. Sera hiyo inasema shughuli yenye mtu 1 hadi 4, na mtaji usiozidi shilingi milioni 5, ni shughuli ndogo kabisa. Yenye watu 5 hadi 49, na mtaji unaozidi milioni 5 hadi milioni 200, ni ndogo. Ya watu 50 hadi 99, na mtaji hadi milioni 800, ni ya kati. Inayozidi hapo ni kubwa. Na pale idadi ya watu inaposema hivi na mtaji ukasema vingine, mtaji ndio unaoamua. Kwa hiyo mama yetu, akimwingiza mpwa wake, atahama daraja kwa hesabu ya watu, lakini kama vyerehani vyake vyote na vitambaa vyake havifikii milioni 5, atabaki pale pale alipo.

Huo ni uainishaji wa ukubwa. Upo mwingine unaotazama aina ya kazi, nao ndio wanaoutumia watakwimu. Umoja wa Mataifa uliandaa mfumo wa kimataifa wa kupanga shughuli za kiuchumi mwaka 1948, na toleo lake la nne lilitoka mwaka 2008. Katika toleo hilo viwanda vyote vya dunia vimepewa namba kuanzia 10 hadi 33. Sukari na mkate vimo katika 10, soda na maji ya chupa katika 11, mavazi katika 14, ngozi na viatu katika 15, mbao katika 16, samani katika 31. Daftari hili halijali una watu wangapi. Linauliza jambo moja tu: je, umekichukua kitu ukakigeuza kuwa kitu kipya?

Ukilifuatisha swali hilo mtaani utakutana na mambo ya ajabu kidogo. Fundi anayekata kitambaa na kushona kanzu kwa kipimo cha mteja yumo ndani ya 14, nyumba moja na makampuni yanayoshona mashati kwa maelfu. Lakini fundi aliyeketi karibu na soko la Kiboriloni akipunguza suruali za mitumba hayumo, kwa kuwa huyo anarekebisha tu, naye anawekwa katika huduma. Gereji, kwa kelele zake zote, si kiwanda. Hata kinu cha kuchambua pamba, chenye mitambo mizito na bomba refu, kinaandikwa katika kilimo. Kwa hiyo mwenye cherehani ana kiwanda, na mwenye kinu hana! Tulipomsomea mama wa Pasua sehemu hii kwa simu, alicheka mpaka binti zake wakaja kuuliza kulikoni.

Bado kuna swali la pili, lile la afisa: kiwanda kikae wapi? Hapa ndipo mkoa wetu unapofundisha kuliko kitabu chochote.

Mwaka 1909 mwanauchumi wa Kijerumani, Alfred Weber, alitoa kitabu kuhusu mahali viwanda vinapojengwa. Katika miaka hiyo hiyo Wajerumani wenzake walikuwa wakiisukuma reli kutoka Tanga, nayo ikafika Moshi mwaka 1911. Hoja ya Weber, tukiivua mahesabu yake, ni ya mchukuzi wa mizigo: kipi ni kizito zaidi, malighafi au bidhaa? Malighafi ikipoteza uzito mwingi inapotengenezwa, kiwanda huifuata shambani, kwani ni upumbavu kulipia nauli ya makapi. Bidhaa ikiwa nzito kuliko malighafi iliyosafirishwa, kiwanda huwafuata wanunuzi.

Teremka kutoka Moshi kuelekea kusini, kwenye joto la Arusha Chini, utaliona hilo kwa macho. Kiwanda cha sukari cha TPC kimezungukwa na miwa pande zote. Wadenmark walikianzisha katika miaka ya 1930, baadaye kikawa mali ya serikali, na tangu mwaka 2000 asilimia 75 ni ya wabia kutoka Mauritius na 25 ikabaki serikalini. Wenye mali wamebadilika, lakini kiwanda hakikusogea hata hatua moja, wala hakiwezi. Tani moja ya sukari hutaka takriban tani kumi za miwa, na muwa uliokatwa huanza kupoteza sukari yake katika siku moja au mbili. Makapi yake hayatupwi. Yanachomwa ili kupata mvuke na umeme. Na maji yanayoinywesha miwa hiyo, katika nchi kavu isiyo na mvua ya kutosha, yanatoka mlimani. Kiwanda kipo tambarare, lakini roho yake ipo Kilimanjaro.

Soda ni kinyume chake. Chupa ya soda kwa sehemu kubwa ni maji, na maji yapo karibu kila mji. Sukari na kiini cha ladha ni mzigo mdogo. Hivyo kiwanda cha soda kama Bonite kimejengwa mjini, karibu na barabara na wanywaji.

Sasa tuje kwenye kahawa, ambayo ndiyo imewasomesha wengi wetu.

Kahawa haina kiwanda kimoja. Ina vituo vitatu, na kila kimoja kina sababu ya kukaa kilipo. Tunda bivu likichumwa huko Machame, Kibosho au Kilema, halingoji; likilala siku moja limeanza kuchacha. Kwa hiyo linamenywa siku ile ile, huko huko mlimani, nyumbani kwa mashine ya mkono au kwenye mtambo wa pamoja wa chama cha msingi, kwa maji ya mifongo na vijito. Kilo sita hivi za matunda mabivu hutoa kilo moja ya kahawa safi mwishoni. Uzito mkubwa kabisa hubaki mlimani, na nyama ya tunda hurudi kuwa mbolea ya mgomba.

Ikishaoshwa na kukaushwa, kahawa ikiwa bado na ganda lake la ndani inaweza kukaa miezi. Basi haina haraka tena, na inaweza kukusanywa kutoka vijiji vyote hadi mahali pamoja penye mitambo mikubwa. Mahali hapo ni Moshi. Kiwanda cha kukoboa kahawa kimekuwapo mjini hapa tangu miaka ya 1920, ushirika wa KNCU ukaundwa mwaka 1933, na mnada wa kahawa ukakita mizizi hapa. Kiwanda kikaita kiwanda: magunia ya mkonge nayo yakawa yanatengenezwa Moshi, mashamba ya mkonge yakiwa chini tambarare na kahawa ya kuyajaza ikiwa juu. Kukoboa kunaondoa karibu moja ya tano ya uzito, na kinachopakiwa kuelekea bandarini ni punje tupu za kijani.

Kituo cha tatu ni kukaanga na kusaga, na hapo ndipo Weber anapotushinda. Kukaanga kunapunguza uzito kwa asilimia 15 hadi 20. Kwa kanuni ya mizigo, ingefaa tukaange hapa hapa. Mbona sehemu kubwa inakaangwa Ujerumani, Italia na Japani? Sababu mojawapo ni kwamba punje ya kijani huvumilia safari ndefu, ilhali kahawa iliyokaangwa hupoteza harufu yake katika majuma machache. Mkaangaji humfuata mnywaji. Na pale ambapo bidhaa inaweza kuvumilia, mambo hugeuka: kahawa ya kuyeyusha ya TANICA inatengenezwa Bukoba, karibu na mibuni, kwa sababu ndani ya kopo inakaa muda mrefu bila kuharibika.

Maana yake ni kwamba ili kahawa ya Kilimanjaro ikaangwe Kilimanjaro kwa wingi, sharti ipatikane midomo ya kuinywa karibu. Hapa tunajilaumu sisi wenyewe. Nyumba nyingi za milimani zinachuma kahawa na kunywa chai. Wanaotunza desturi ya kunywa kahawa hasa ni wazee wa barazani, wanaokaa jioni na vikombe vidogo vya kahawa chungu na kipande cha kashata. Yule muuzaji anayepita na birika lake, ambaye alfajiri amekaanga punje kwa chungu na kuzitwanga kwa kinu, amefanya kazi ya namba 10 katika daftari la Umoja wa Mataifa. Kumimina kikombeni ndiyo biashara nyingine. Hatujapata kumwona akiitwa kwenye semina ya wenye viwanda.

Si kila kiwanda kiliwekwa mahali kwa hesabu ya uzito. Mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, ulioanza mwaka 1969, ulitaka viwanda visijazane Dar es Salaam, na Moshi na Arusha zikawa miongoni mwa miji iliyochaguliwa kukuzwa. Nia ilikuwa njema na sehemu yake ilizaa matunda. Lakini kuna somo gumu katika kiwanda cha mashine na vipuri kilichojengwa Hai kwa msaada wa Bulgaria, kikaanza kazi katika miaka ya 1980. Hicho ni kile kinachoitwa kiwanda mama, kinachotengeneza mashine za viwanda vingine. Chuma hakichimbwi Kilimanjaro, kwa hiyo malighafi ilitoka mbali. Na wateja wake, yaani viwanda vingine vya umma, walianza kufa mmoja mmoja katika muongo ule ule. Kiwanda mama bila watoto kinafanya nini? Kimezinduka na kusinzia mara kadhaa tangu hapo. Sisi hatusemi kilikuwa kosa kukijenga. Tunasema aliyeamua mahali pake alikuwa na ramani ya nchi mkononi, na huenda hakuwa na mizani.

Tukija kwenye ngozi, habari inaingia majumbani mwetu moja kwa moja. Ngozi mbichi ni nzito, ina maji na nyama, na katika joto huanza kuoza kwa saa chache. Ndiyo maana hutiwa chumvi mapema, na ndiyo maana kiwanda cha kuisindika kinafaa kuwa katika nchi ya mifugo. Moshi imezungukwa na wafugaji: Wamasai wa tambarare, Wapare wa upande wa mashariki, na ng'ombe wa zizini mlimani. Gereza la Karanga limeshona viatu kwa miaka mingi, na mwaka 2020 kilizinduliwa pale kiwanda kikubwa cha bidhaa za ngozi, kwa ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa PSSSF.

Lakini ubora wa kiatu huanzia kwenye kisu cha mchunaji. Kila Idd el-Hajj mitaa yetu ya Moshi huchinja mbuzi, kondoo na ng'ombe kwa siku chache mfululizo, na kila mwaka tunaona ngozi zimetobolewa kwa haraka, zimetupwa kwenye jua, au zimeachiwa mchinjaji kuwa ujira wake. Hili la mwisho wanazuoni wametufundisha tangu zamani kuwa halifai: mchinjaji hulipwa kwa fedha, na ngozi ya udh-hiya hutolewa sadaka au kutumiwa. Ngozi yenye tundu katikati hushuka daraja kiwandani, hata kama mnyama alikuwa bora. Msikiti unaoandaa chumvi, turubai penye kivuli na vijana wawili waliofundishwa kuchuna, unaweza kuzikusanya ngozi za mtaa mzima na kuziuza kwa bei ya maana kwa ajili ya mayatima. Hiyo ni kazi ya siku tatu kwa mwaka.

Usindikaji wa ngozi una upande wake mchafu. Unataka maji mengi, na maji hayo yakitoka yana chumvi na kemikali, mara nyingi kromiamu. Hata maji yaliyooshea kahawa, yakimwagwa mtoni bila kutuama kwanza, yananuka na kuua samaki. Mito ya Kilimanjaro inateremka. Unachomwaga Kibosho kinachotewa na ndugu yako aliyeko chini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukiongeza kwamba huko juu kihamba cha familia kimegawanywa baba kwa mwana mpaka kikabaki vipande, utaelewa kwa nini milimani panafaa kumenyea kahawa, kukausha ndizi, kurina asali na kuchonga samani, lakini hapafai kiwanda kinachotaka ekari kumi na bomba la majitaka. Vijana wanaolalamika kuwa viwanda vimejaa mjini na tambarare, mlimani hakuna, walizingatie hilo kwanza.

Turudi Pasua. Mama, kiwanda unacho. Kwa daftari la takwimu ni namba 14, kwa sera ya 2003 ni kidogo kabisa au kidogo kutegemea mtaji wako. Hofu ya mtu wa tano isikunyime usingizi. Ile tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo zamani ilianza kwa mwajiri wa watu wanne, tangu mwaka 2021 inaanza kwa watu kumi. Michango ya NSSF ni habari nyingine: hiyo haimsubiri mtu wa tano, na wanaokufanyia kazi kwa mshahara wanaistahiki tangu sasa, jirani yako mjane akiwa wa kwanza. Tunajua neno hili halitakupendeza.

Ama mahali pa kukaa, tumeona una viwanda viwili ndani ya ukumbi mmoja. Kanzu na buibui humtaka mteja aje apimwe, arudi ajaribu, na pengine arudi tena. Hizo zinakaa mtaani kwa haki, kwa sababu zinamfuata mvaaji. Hazitoi moshi wala majitaka, na kelele zake ni ndogo kuliko redio ya jirani. Liandikie ombi idara ya mipango miji ya manispaa, ueleze kazi hiyo ilivyo, usingoje afisa apite tena. Sare za shule ni kitu kingine. Zinashonwa kwa vipimo vitatu vinne, kwa mamia, na mteja ni mwalimu mkuu anayetaka mzigo mmoja mwezi Januari. Hizo ndizo zinazoweza kuhamia kwenye mabanda ya SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu kama wewe, ambako mpwa wako angepata nafasi ya meza ndefu ya kukatia. Na ukitaka mtaji, ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri iliyotengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inakopeshwa bila riba. Kwa nyumba zetu hilo ni jambo la kuzingatiwa kabla ya kukimbilia kwa wakopeshaji wa mtaani.

Kuna kikwazo alichokitaja mama ambacho hakimo katika sera wala kwa Weber. Binti zake wana watoto wadogo. Ukumbini, mtoto analala chini ya meza mama yake akishona, SIDO hatalala. Na nauli ya kwenda na kurudi, kwa watu wawili, siku ishirini na sita kwa mwezi, ni fedha.

Tumekubaliana kwamba Jumatatu tutafuatana naye manispaa na barua yake. Yeye, kwa upande wake, atatupigia hesabu ya sare moja ikishonwa ukumbini na ile ile ikishonwa bandani, nauli, kodi ya pango na yaya vikiwamo. Atakachokipata tutakichapisha hapa hapa, kwa idhini yake.